Nilivuka Peke Yangu Kwenda Kuona Reli ya Lubunga



Juma hili sileti habari za likelemba wala za kupika. Nataka kuwaeleza safari niliyoifanya peke yangu, kutoka kwetu Kapalata mpaka ng'ambo ya mto, kwenye stesheni ya zamani ya gari ya moshi kule Lubunga. Ilichukua asubuhi moja na kipande cha mchana, basi. Lakini ilinifanya nimeze maneno makali niliyokuwa nimeyaandaa kwa mtoto wangu, na niseme mengine.

Mfuko chini ya kitanda

Mwanangu wa tatu ana miaka 13. Likizo kubwa ilipoanza nilimpeleka kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, anayekaa Lubunga. Alikaa huko majuma matatu. Aliporudi alikuwa na faranga kidogo mfukoni, na hakutaka kusema zilitoka wapi. Siku mbili baadaye nilipofagia chumba cha watoto, ufagio uligonga kitu kizito chini ya kitanda. Ulikuwa mfuko wa mchele, na ndani yake kulikuwa na buloni nne za chuma, ndefu kama kiganja changu, nene kuliko dole gumba, nyekundu kwa kutu.

Nilimwita. Akaniangalia miguu tu. Mwisho akasema yeye na vijana wengine wanaokota vyuma kule reli, halafu wanawauzia wanunuzi wa mitraye. Hizo nne zilibaki kwa sababu mnunuzi hakuja siku ile.

Nikamwambia, "Kwa hiyo wewe ni mwizi sasa?"

Akajibu, "Hapana mama. Kule ni mahali palipokufa. Hapana mwenyewe."

Bwana yangu alipofika jioni alisema maneno mafupi: mkataze kuvuka, imeisha. Mimi pia nilikuwa tayari kumkataza. Nilikuwa nimeshapanga na fimbo. Lakini mama yangu, ambaye tunakaa naye, alikuwa anachambua sombe pembeni, akauliza bila kuinua kichwa, "Utamkataza mahali ambapo wewe mwenyewe hujapaona?"

Ni kweli. Nimezaliwa Kisangani, nimevuka kwenda Lubunga mara nyingi kwa matanga na kwa harusi, lakini sikuwahi kuingia pale reli. Nilikuwa napita kando tu.

Kwa nini peke yangu

Wengine wataniuliza kwa nini sikuenda na mtoto. Kama ningeenda naye, angenionyesha yale aliyotaka niyaone. Kama ningeenda na yaya, tungeongea habari za ukoo njia nzima na macho yangu yasingefanya kazi. Nilitaka kuona kwanza, kisha kusema.

Lakini kwenda peke yako si kwenda ovyo. Mama anayepotea anawaacha watoto. Usiku ule nilimwambia bwana yangu ninakwenda wapi na saa ya kurudi. Nilimpigia yaya simu nikamwomba anieleze hali ya usalama upande wake, maana nyote mnajua yaliyotokea kule. Tangu mwanzo wa mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umeua watu na kuwafukuza maelfu kutoka vijiji vyao, na wengi walikimbilia kwenye vyumba vya shule na parsele za kanisa. Yaya mwenyewe alilala nje na watoto wake majuma mengi. Aliniambia kartie yake imetulia, nije asubuhi, nisiende mbali na nyumba za watu, na saa tisa niwe nimerudi mtoni. Nilivaa viatu vya kufunika miguu, nikachaji simu, nikachukua maji na fimbo ndogo kwa ajili ya majani na nyoka.

Kutoka Kapalata mpaka mtoni

Watu wa nje wakisikia jina Kapalata wanafikiri kambi ya askari tu. Sisi tunajua ni pia mahali pa watoto, visima, mashamba ya mihogo na vilio vya jogoo. Nilipanda pikipiki saa kumi na mbili na nusu. Zamani ningepanda toleka, ile baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma iliyowabeba watu wote wa Boyoma. Siku hizi pikipiki zimezisukuma pembeni. Tulishuka mpaka mjini, tukapita karibu na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, na hapo mto ukafunguka mbele yangu.

Kwenye bandari ya mitumbwi nilikutana na wamama wanaofika kutoka ng'ambo. Wao wanavuka alfajiri kuja mjini na vitunga vya mihogo, majani ya sombe, ndizi za lituma na makaa. Mimi peke yangu nilikuwa ninakwenda upande wao nikiwa mikono mitupu. Mmoja akaniuliza, "Mama, unakwenda kununua nini kule?" Nikasema ninakwenda kutazama. Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Kutazama kunauzwa bei gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaingia kwenye mtumbwi wa mota, nikakaa katikati, nikashika ubao kwa mikono miwili kama kawaida yangu.

Kwa nini reli ilijengwa pale

Kabla sijawaonyesha mahali penyewe, niwakumbushe jambo ambalo watoto wetu hawafundishwi sana nyumbani.

Meli zinazotoka Kinshasa zinapanda mto zaidi ya kilometa 1700, halafu zinafika kwetu na haziwezi kuendelea. Mbele yao kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwenye mto kwa urefu wa kilometa 100 hivi, kutoka Ubundu mpaka hapa tunapowaona Wagenya na mitego yao ya miti. Wagenya wanajua kuishi na maji yale. Meli haijui. Ndiyo sababu mji huu ulizaliwa hapa: hapa ndipo mizigo inaposhushwa.

Wazungu wa wakati wa Leopold II walitaka kuzunguka maporomoko hayo kwa nchi kavu. Kampuni iliyojulikana kwa herufi CFL iliundwa mwaka 1902, na reli ya kilometa 125 kutoka ng'ambo yetu ya kushoto mpaka Ubundu, iliyoitwa wakati ule Ponthierville, ikafunguliwa mwaka 1906. Pale Ubundu watu na mizigo walipanda meli tena mpaka Kindu, na baadaye reli nyingine zikaendelea mpaka ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kile kipande cha chuma kilichoko Lubunga kilikuwa mlango kati ya Kinshasa na Afrika ya mashariki. Ulikuwa mlango uliojengwa kwa jasho la watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vyao. Wanaume walikwenda, mashamba yakabaki kwa wamama. Hiyo nayo ni sehemu ya reli.

Kwa upande wetu habari hiyo ni ya nyumbani. Mama yangu alizaliwa Kindu. Alikuja Kisangani akiwa msichana, pamoja na mama yake na kuku wawili, kwa meli mpaka Ubundu, kisha kwa gari ya moshi. Kiswahili chetu sisi tuliotoka Maniema kilikuwa kimefika hapa zamani kuliko reli, tangu siku za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa mkubwa wa Stanley Falls. Lakini familia yangu mimi ilikuja juu ya zile chuma mbili. Mama anakumbuka kwamba kila gari iliposimama, wamama wa kijijini walikuja mbio madirishani na ndizi za kuchoma na samaki wa moshi. Anasema hakuona msitu sana. Aliona mikono ya wauzaji.

Ndani ya stesheni

Kutoka mtoni nilitembea kwa miguu. Kwanza nilimtafuta mlinzi, maana mahali hata pakiwa pameoza pana mtu wa kulinda. Nilimkuta chini ya mwembe, mzee mwenye kofia ya sufu na redio ndogo. Nikamsalimia, "Jambo papa." Akajibu na kuniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, ninaomba ruhusa nitazame, mtoto wangu alikuwa anacheza huku. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Wamama hawaji kutazama. Wanakuja kulia mtoto akishaumia." Kisha akanionyesha kwa kidole: huku pita, kule usipite, kwenye lile banda angalia miguu.

Nikaenda peke yangu.

Mabehewa yalikuwa yamesimama kwenye mstari kama watu waliosahauliwa kwenye foleni. Mengine hayana milango, mengine hayana sakafu. Ndani ya moja mti wa kombokombo umeota, ukatoka juu kupitia paa na kufungua majani yake kama mwavuli. Magurudumu yamezama kwenye udongo mpaka nusu. Niligusa chuma cha behewa moja, kikaacha unga mwekundu kwenye kiganja changu, rangi ileile niliyoifua kwenye kaptula ya mtoto wangu.

Nilifika kwenye banda lililokuwa karakana. Mabati mengi hayapo. Jua linaingia vipandevipande, na popo wamejaa pembeni penye giza. Katikati ya sakafu kuna shimo refu la sementi, lile ambalo mafundi walishuka ili watengeneze vichwa vya gari kutoka chini. Sasa limejaa maji meusi, na juu ya maji kuna majani yanayoelea, kiasi kwamba kwa mbali unadhani ni sakafu. Niliweka fimbo yangu ndani. Iliingia yote na mkono wangu, na sikugusa chini.

Wamama, nilikaa pale nimechuchumaa, nikaona kwenye ukingo wa lile shimo alama za miguu midogo isiyo na viatu. Zilikuwa nyingi. Zilikwenda kushoto, zikarudi kulia, zikaruka. Walikuwa wanacheza kuruka shimo. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya wizi. Sikuwa nimewaza maji.

Nilitoka nje nipate hewa.

Mahali pana wenyewe

Nyuma ya karakana nilikuta jambo ambalo mwanangu hakuniambia. Sementi ya zamani, mahali mizigo iliposhushiwa, imejaa mihogo iliyoanikwa. Meupe kabisa, imepangwa vizuri, kila mama na kipande chake, mipaka imewekwa kwa mawe. Wamama watatu walikuwa wanageuza mihogo yao. Nikawasalimia, nikakaa nao. Mmoja alitoka vijiji vya barabara ya Ubundu wakati wa vita ile ya ardhi. Akaniambia sementi hii inakausha kwa siku mbili mihogo ambayo chini ingekauka kwa siku nne na kuoza nusu. "Hapa ndipo shamba letu lilipobaki," akasema.

Niliwauliza kama gari ya moshi inapita bado. Wakacheka, wakasema inapita inapotaka. Kuna miezi haionekani kabisa. Lakini ikija, inaleta mchele, mihogo, mafuta ya mawese na watu waliochoka, na siku hiyo bei sokoni inashuka kidogo. Hata sisi wa Kapalata tunaonja siku hiyo bila kujua imetoka wapi.

Kisha nikafuata reli yenyewe kidogo, upande ambao majani yamekatwa. Nilitoa buloni moja niliyokuja nayo kwenye mkoba. Nikainama nikaiweka kwenye tundu lililokuwa tupu kando ya reli. Iliingia sawasawa. Nikaanza kuhesabu: katika hatua 20 nilikuta matundu matupu 11.

Mlinzi alikuwa amekuja nyuma yangu polepole. Akasema, "Sasa umeona, mama. Wao wanasema ni chuma tu. Hiyo ndiyo inashika reli isifunguke. Gari ikipita hapa dereva anaikanyaga kama mtu anayetembea juu ya mayai." Sikuweza kusema neno. Nilimwona yule mama wa mihogo akisafiri juu ya behewa na magunia yake, na reli ikifunguka kwa sababu ya buloni nne zilizolala chini ya kitanda changu.

Nilimuuliza mzee kama ameona mengi hapa. Akanyamaza kwanza. Akasema aliona mwaka 1997. Wengi wetu tulikuwa wasichana wakati ule, tunakumbuka. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamefika kwa miguu mpaka kambi za Kasese na Biaro, kusini mwa mji kwenye reli hii, wakiwa wamebaki mifupa. Walipoanza kurudishwa kwao kwa ndege, waliletwa mjini kwa gari ya moshi. Tarehe 4 Mei 1997 gari moja ilitoka Biaro ikiwa imejazwa kupita kiasi. Ilipofika, zaidi ya watu 90 walikuwa wamekufa ndani, kwa kukanyagana na kukosa hewa. Mzee hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Aliinua kofia yake, akaivaa tena.

Nilisimama pale nikawaza neno la mwanangu: mahali palipokufa, hapana mwenyewe. Pana wamama wa mihogo. Pana mlinzi na redio yake. Pana wale waliochukuliwa kwa nguvu kulaza reli, na wale waliofika wamekufa juu yake. Pana na mama yangu na kuku wawili. Wenyewe ni wengi. Ni kwamba hakuna aliyemwambia mtoto.

Neno la yaya, na neno la mtoto

Saa saba nilipita kwa yaya. Nilimkuta amelala mchana, jambo ambalo si tabia yake. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anatoka kwenye homa. Nikamuuliza dawa alipata wapi. Akaanza kuzunguka maneno. Mwisho akasema, "Mwanao alinipa faranga. Aliniambia wewe ndiye umetuma."

Mimi sikuwa nimetuma kitu.

Yaya ananipita miaka sita. Alinilea mgongoni. Tangu alipopoteza shamba lake hakuniomba hata kikombe cha chumvi, na mimi nilikuwa namwambia kwenye simu, "Mungu atasaidia," kisha nakata kwa sababu salio linaisha. Mtoto wa miaka 13 alikaa naye majuma matatu akaona kile nilichoshindwa kukiona kwa miaka. Njia aliyoichagua ilikuwa mbaya na ingeweza kumwua. Lakini aliona.

Saa tisa nilikuwa mtoni kama nilivyoahidi. Jioni nilimwita mwanangu nje, tukakaa juu ya kinu. Nilimweleza yote kwa mpangilio niliouona: kombokombo ndani ya behewa, maji ya shimo, alama za miguu, mihogo, matundu 11. Nilipofika kwenye shimo akainua macho. Akaniuliza, "Mama, uliingia mpaka kule?" Nikasema nimeingia, na fimbo yangu haikugusa chini. Alinyamaza. Nadhani kama ningemwambia tu "usiende, kuna hatari," angesema ndiyo mama, na juma lijalo angekuwa pale. Lakini alijua kwamba nimeona, hivyo hakuwa na uongo wa kunipa.

Nikamwambia pia kwamba najua habari ya dawa. Hapo akalia. Na mimi nililia kidogo, msiniambie ni mama gani huyo.

Adhabu ilikuwepo. Jumamosi iliyofuata tulivuka pamoja na zile buloni, akamrudishia mlinzi mwenyewe, kwa mikono miwili. Mzee akazipokea, akamwambia, "Hizi nne. Na zile nyingine?" Mtoto akasema ziliuzwa. Mzee akasema, "Basi utazikumbuka wewe kila gari inapolia." Hakumtukana. Akampeleka mpaka kwenye shimo akamwonyesha fimbo ndefu ikizama.

Na bibi yake naye, tuliporudi, alimweleza kwa mara ya kwanza habari ya gari ya moshi ya Ubundu na wale kuku wawili. Alisikiliza mpaka usiku. Kumbe alitaka tu mtu amwambie.

Tukitaka kwenda kuona

Mji wetu umejaa mahali kama pale: mabanda ya zamani, magodauni, nyumba za mashine zilizonyamaza. Watoto wetu wanapajua kuliko sisi. Mama akitaka kwenda kuona, haya ndiyo niliyojifunza:

Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo.

Tafuta mlinzi au jirani kwanza, uombe ruhusa. Anayejua mahali atakuonyesha hatari katika dakika moja.

Usikanyage majani yanayofunika sakafu wala maji bila kujaribu kwa fimbo. Usipande juu ya mabati wala ngazi za kutu.

Usichukue kitu. Hata kidogo. Hujui kinashika nini.

Na chuma usichokijua usikiguse kabisa. Hili waambieni watoto leo, si kesho. Katika ile vita ya siku sita, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalirushiana katika mji wetu mabomu zaidi ya 6600. Watu zaidi ya 760 walikufa, na kama 1700 walijeruhiwa. Si mabomu yote yalilipuka siku ile. Mengine yaliingia udongoni. Mtoto anayetafuta mitraye anachimba mahali hapohapo. Akiona chuma cha umbo la ajabu asikipige, asikisogeze, aweke alama kwa mbali na aite mtu mzima, na mtu mzima aite wakubwa wa kartie.

Jambo ninaloliomba

Sitaki mseme nimesafiri ili niwape mashauri tu. Nina deni. Katika likelemba yetu ya Kapalata tuko wamama tunaoonana kila juma, tunajua nani amekosa unga na nani amepata mjukuu. Mto ni mpana kweli, lakini mtumbwi unauvuka kabla chai haijapoa. Ng'ambo kuna yaya zetu, wakwe zetu, watu tuliozaliwa nao tumbo moja, ambao tangu mwaka 2023 wamekaa bila shamba na hawatuambii kwa sababu ya haya. Mimi nimeanza: kila mara zamu yangu inapofika, fungu la kumi linavuka kwenda kwa yaya, nalipeleka mwenyewe, na nikifika nafungua chungu chake nitazame ndani. Simu haionyeshi chungu.

Ninaomba kila mama mwenye ndugu Lubunga avuke mara moja kabla shule hazijafunguliwa. Si lazima kubeba kitu kikubwa. Kwanza nenda uone.

Yule mama wa bandarini aliniuliza kutazama kunauzwa bei gani. Nilipokutana naye wakati wa kurudi alikuwa amemaliza kuuza, amekaa juu ya kitunga kitupu. Akanitambua, akaniuliza kama nimepata nilichotafuta. Nikamwambia nimepata, na kwamba ni ghali. Akasogea akanipa nafasi pembeni yake, nikakaa nikala naye mkate mmoja kabla ya kupanda Kapalata.

Mungu awalinde watoto wenu.

Mama mwenzenu wa Kapalata